Mapigo Hamsini

Kila mashine ina uso na ina mgongo.
Usoni: vioo, sindano mbili za kucheza, vifundo vya fedha,
sahani ya santuri juu yake.
Mgongoni: kibati cha ukubwa wa ukucha,
volti mia na ishirini, mapigo sitini.
Baba mdogo Zihalirwa aliusoma uso.
Aliitoa Milwaukee, akaivusha Kigoma, akaivusha Bujumbura,
akaifikisha hapa Bukavu, nyumbani Nyawera,
akaichomeka ukutani mbele ya wageni wa ubatizo.
Ikasema neno moja.
Pu.
Harufu yake, anasema shangazi Nsimire,
ilikaa kwenye mapazia hadi Pasaka.

Akaitwa Cirhuza, fundi wa Kadutu,
mtu wa maneno machache na koleo nyingi.
Aliing'oa fyuzi, akaiinua dirishani
kama daktari na picha ya kifua.
"Hii imekufa badala yenu.
Mkiweka waya mahali pake, kesho itakufa nyumba."
Kisha akakaa, akanywa chai, hakugusa kitu:
ndani ya mashine iliyozimwa, alisema,
umeme hujificha
kama mgeni asiyejua kuaga.

Nilikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyeshika tochi.

Alibadili kapasita mbili. Akaleta transfoma
nzito kama jiwe la kusagia:
ukutani inapokea mia mbili na ishirini,
kwa mashine inatoa mia na kumi.
Na siku ya kujaribu akaweka ampuli njiani,
kati ya ukuta na vyote hivyo, ya wati mia, uchi.
"Ikiwaka kali ikabaki kali, chomoa, kuna waya zinazogusana.
Ikimulika ikafifia, mwacheni apumue."
Chumba kizima tuliikazia macho ampuli.
Ikamulika.
Ikafifia.

"Transfoma ikae sakafuni, si juu ya zulia.
Umeme ukikatika, chomoeni.
Ukirudi, hesabuni hadi mia kwanza,
maana umeme wa Ruzizi hurudi na hasira."

Basi santuri ikazunguka, na mwanamke akaimba
kwa sauti nene, ya mtu anayepanda Kadutu
na gunia la mkaa mgongoni.
Lugha hatukuielewa. Huzuni tuliielewa.
Miaka kumi na moja aliimba hivyo.
Tulipomzika Zihalirwa ni yeye aliyeimba,
spika zikiwa dirishani, zimegeuzwa kuelekea mvua.

Baadaye nikawa mwanafunzi wa Cirhuza,
na siku moja nikausoma ule mgongo mpaka mwisho.
Transfoma hushusha volti. Mapigo haiyagusi.
Kule umeme unapiga sitini, kwetu hamsini,
na mota ya santuri haijui nchi, inahesabu mapigo tu.
Mahali pa hatua sita, wimbo wetu ulitembea tano.

Nikamwendea mchonga vyuma, akanichongea kapi la shaba,
nene kuliko la zamani kwa sehemu moja ya tano.
Nililifunga Jumapili, shangazi akiwa misani.

Aliporudi nikaweka sindano.
Yule mwanamke hakuwa mzee.
Alikuwa msichana, karibu anacheka,
na nyuma yake watu walipiga makofi
ambayo sisi tulidhani ni milango ikifungwa.
Ulikuwa wimbo wa harusi, au wa sokoni, sijui.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.
"Huyu simjui," akasema.
"Nirudishie yule wangu."

Nikalifungua kapi. Liko kwenye droo,
limefungwa kwenye soksi.
Fyuzi ni ileile ya kipimo chake, transfoma iko sakafuni;
katika hayo sina huruma na mtu.

Jana usiku mtaa ulipiga kelele: umeme umerudi!
Shangazi akasimama gizani karibu na prizi, plagi mkononi,
hakuwasha hata taa,
akaanza moja,
mbili,
tatu,
bila kuruka namba,
polepole,
kwa mwendo wa wimbo wake.